Je, Wajua? Mkanamungu Hamwabudu Shetani

Kaunti ya Kajiado haina uhaba wa ibada. Jumapili asubuhi mjini Kitengela vipaza sauti vya makanisa ya mabati hushindana hadi majirani hawasikilizani, na ukishuka Barabara ya Magadi kupitia Rongai na Kiserian, mabango ya mikutano ya injili hukusindikiza njia nzima. Katika mazingira hayo, akitokea mtu akasema haamini kuna Mungu, ni wachache watakaomuuliza ana maana gani. Wengi humvika wanayoyajua wao: mwabudu shetani, mkosa maadili, mkomunisti, kibaraka wa Wazungu. Safu yetu leo inayachukua madai hayo moja baada ya jingine, kwa majina na tarehe.

MAANA YENYEWE

1. Je, wajua kwamba ukanamungu ni jibu la swali moja tu? Swali lenyewe: unaamini kuna mungu? Anayejibu "siamini" ni mkanamungu, basi. Jibu hilo halikuelezi anapigia kura chama gani, analea watoto vipi, anakunywa pombe au hanywi, analipa deni la dukani au anakwepa. Ukitaka kujua hayo itabidi umuulize, au umtazame anavyoishi.

2. Je, wajua kwamba hata wakanamungu wenyewe hawasemi kitu kimoja? Yuko anayesema, "Sijaona sababu ya kuamini." Yuko anayekwenda mbele zaidi na kusema, "Mungu hayupo." Wa kwanza hana alichodai, ila hajashawishika. Wa pili ametoa dai, naye anaweza kudaiwa hoja kama mhubiri anavyodaiwa. Mtaani wa pili ndiye anayejulikana zaidi, kwa kuwa ndiye mwenye sauti.

3. Je, wajua kwamba anayesema "sijui, wala sidhani inajulikana" ana jina lake? Ni agnostiki, jina lililobuniwa mwaka 1869 na mwanabiolojia Mwingereza Thomas Henry Huxley. Rafiki yake Charles Darwin, ambaye kwenye mahubiri mengi hutajwa kama baba wa wakanamungu, alijieleza uzeeni kuwa agnostiki na akasema hakupata kuwa mkanamungu.

4. Je, wajua kwamba kuna dini zisizo na Mungu muumba? Wajaini ni mfano ulio jirani kabisa. Jamii ya Oshwal, iliyoanza kufika Kenya kutoka Gujarat mwishoni mwa karne ya 19, ina mahekalu Nairobi na Mombasa, ina mifungo, ina miiko mikali ya kutodhuru kiumbe chochote. Ila mafundisho yao hayana Mungu aliyeumba ulimwengu. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na dini asiwe na Muumba, na anaweza kumwamini Muumba asiwe na dini.

5. Je, wajua kwamba Wakristo wa mwanzo waliitwa wakanamungu? Warumi waliwaona watu wasiotambikia miungu ya dola, wasio na sanamu hata moja, wakaona hao hawana mungu. Katikati ya karne ya pili, Polikarpo, askofu wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, aliletwa uwanjani akatakiwa awalaani "wakanamungu", yaani waumini wenzake. Mzee huyo aliunyoshea mkono umati wa Warumi na kuirudisha laana kwao. Akauawa. Jina hilo basi limekuwa likirushiwa watu wengi ambao mungu wanaye, ila si mungu wa anayelirusha.

HUKU KWETU

6. Je, wajua kwamba babu zetu nao walisingiziwa? Mwaka 1866 mpelelezi Mwingereza Samuel Baker aliwaambia wasomi wa London kwamba watu wa Nile ya juu, aliokuwa ametoka kuwatembelea, hawakuwa na imani yoyote kwa mungu mkuu wala ibada ya namna yoyote. Hakuona jengo, hakuona kitabu, akaandika sufuri. Dai kwamba Mwafrika alikuwa hana Mungu limetungwa na watu waliokuwa wakimwangalia kwa mbali.

7. Je, wajua alichopitwa nacho mtu wa aina ya Baker? Nenda boma la Kimaasai alfajiri. Mama akimaliza kukamua, huchukua maziwa kidogo na kuyanyunyiza hewani, akimwomba Enkai, Mungu wao, awatunze watoto na mifugo. Hakuna kengele wala kapu la sadaka. Mtu akishika nyasi mbichi mkononi, ameomba amani. Wazee wana mti wao wa oreteti, mtini mkubwa ambao chini yake dua hufanyika na matawi yake hayakatwi ovyo. Enkai mwenyewe ana sura mbili: Enkai Narok, mweusi kama wingu la mvua, ni wa neema, Enkai Nanyokie, mwekundu, ni wa ukame na ghadhabu. Mgeni mwenye daftari angepita hapo asubuhi nzima na kuandika kwamba ameona mama akimwaga maziwa.

8. Je, wajua kwamba Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava iliyojaa kabonati ya sodiamu? Ni kitu kile kile kinachovunwa Ziwa Magadi. Mlima huo uko upande wa Tanzania, kusini mwa Ziwa Natron. Jiolojia inaeleza lava inatoka wapi. Mzee anayeuelekea mlima akiomba anajibu swali jingine.

9. Je, wajua kwamba wasomi wetu waligombana juu ya jambo hili zaidi ya miaka 50 iliyopita? John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alichapisha mwaka 1969 kitabu kilichodai kwamba Mwafrika ana dini katika kila anachofanya. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek, mshairi na mwanaanthropolojia kutoka Gulu, Uganda, akamjibu kwa kitabu chake. Hoja ya Okot ilikuwa kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika walikuwa wanawavika wahenga mavazi ya kuazima: Mungu mmoja, mweza yote, aliye kila mahali, sifa zilizotoka kwa Wagiriki na makanisani. Mjadala haujaisha mpaka leo, na unaotuhusu hapa ni huu: anayesema ukanamungu "si wa Kiafrika" anapaswa kwanza kutwambia anamzungumzia Mwafrika wa Mbiti au wa Okot.

10. Je, wajua kwamba kando ya Barabara ya Magadi kuna uwanja wa shoka za mawe zilizotengenezwa kabla ya dini yoyote tunayoijua? Olorgesailie, kilomita kama 70 kutoka Nairobi, ilichimbuliwa na Louis na Mary Leakey miaka ya 1940. Unatembea juu ya daraja la mbao, na chini yake shoka za mkono zimelala kwa mamia pale pale zilipokutwa, nyingine ndogo za kutosha kiganjani, nyingine nzito kuliko haja ya kazi yoyote unayoweza kuifikiria. Tabaka za eneo hilo zenye shoka hizo zinaanza miaka kama milioni 1.2 iliyopita.

11. Je, wajua kwamba kukubali umri wa mawe hayo hakukufanyi mkanamungu? Louis Leakey alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari. Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba Mkatoliki anaweza kuchunguza suala la mageuzi ya mwili wa binadamu, mradi ashike kuwa roho imeumbwa na Mungu. Na nadharia ya mlipuko mkuu uliouanzisha ulimwengu, ambayo wahubiri wengi huirushia mawe, ilianzishwa na padri wa Kibelgiji, Georges Lemaître.

12. Je, wajua kwamba mifupa ya mtoto iliwahi kuzua vita vya maneno Nairobi? Kijana wa Turkana, mifupa ya miaka kama milioni 1.5 iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, ilipokuwa ikiandaliwa kuonyeshwa Makumbusho ya Taifa mwaka 2006, viongozi wa makanisa ya kiinjili wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo walitaka iondolewe mbele ya watazamaji. Makumbusho hayakukubali. Ugomvi ulielezwa kama wa waumini na wakanamungu, ila waliosimama upande wa mifupa walikuwamo pia watu wanaokwenda kanisani kila Jumapili.

MADAI YANAYOPENDWA

13. "Wanamwabudu shetani." Mwezi Oktoba 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri. Ripoti yake ilifikishwa bungeni mwaka 1999. Tangu hapo, kwenye masimulizi ya mitaani, mwabudu shetani na mkanamungu wamekuwa mtu mmoja. Haiwezekani wakawa mmoja. Anayemwabudu shetani lazima aamini yupo, na shetani anatoka kwenye vitabu vile vile vya dini. Mkanamungu amewaacha wote wawili.

14. "Wanamchukia Mungu." Humchukii usiyeamini yupo. Yuko, ndiyo, mtu aliyefiwa au aliyedhulumiwa ambaye anamkasirikia Mungu na kuacha kusali. Huyo bado anazungumza na Mungu, ingawa kwa ukali. Zaburi zimejaa watu wa namna hiyo.

15. "Hana Mungu, basi hana maadili." Richard Leakey, mwana wa Louis na mjukuu wa wamisionari wa Kabete, alisema waziwazi kuwa haamini Mungu. Mwaka 1989 alikabidhiwa idara ya wanyamapori wakati majangili wanamaliza ndovu. Tarehe 18 Julai mwaka huo Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ng'ambo tu ya Kitengela, mbele ya kamera za dunia, na biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa kabla mwaka haujaisha. Leakey alifariki tarehe 2 Januari 2022 na akazikwa kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, Ngong, humu humu Kajiado. Unaweza kubishana na mengi aliyoyafanya. Walibishana naye wengi. Lakini huwezi kusema hakuwa na anachokisimamia.

16. "Hawajengi kitu." Mjini Kasese, magharibi mwa Uganda, kuna shule iliyofunguliwa mwaka 2011 na watu wanaojiita wahumanisti: wanaoshika kwamba binadamu anawajibika kwa binadamu mwenzake bila kungoja amri kutoka juu. Inafundisha watoto wa kila dini na wasio na dini.

17. "Ni ukomunisti tu." Albania ilijitangaza kuwa taifa la kikanamungu mwaka 1967, ikafunga makanisa na misikiti yote, marufuku hiyo ilikuja kuondolewa mwaka 1990. Mwaka huo huo wa 1967 Julius Nyerere alitangaza Azimio la Arusha. Mjamaa huyo alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa kila alipoweza, na mwaka 2005 jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri. Kumbe siasa ya mali na imani ya moyo ni vitu viwili.

18. "Asiye Mkristo ni mkanamungu." Machi 1970 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri, PCEA, akawaambia kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Mzee mmoja alimjia juu: mbona basi anaitwa James? Ngũgĩ hakuwa na la kujibu, na baadaye akaliacha jina hilo. Wengi wamesoma kisa hicho kama cha mtu kumkana Mungu. Alichokikana ni kanisa na jina.

19. "Wakishapotea hawarudi." Mei 2021 katibu wa jumuiya ya wakanamungu nchini alijiuzulu. Sababu, kama ilivyotangazwa na jumuiya yenyewe: amempata Yesu Kristo. Taarifa ilimshukuru kwa kazi yake na kumtakia heri, na papo hapo ikatangaza nafasi ya katibu. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kama kichekesho. Iwe kichekesho au isiwe, inaonyesha mlango hufunguka pande zote mbili.

SHERIA INASEMAJE

20. Je, wajua kwamba Katiba ya 2010 inamtaja Mungu mwanzoni na kumlinda mkanamungu ndani? Dibaji inatambua ukuu wa Mwenyezi Mungu. Kifungu cha 8 kinasema hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, mawazo, imani na maoni, kinakataza kumnyima mtu kazi au huduma kwa sababu ya imani yake, na kinakataza kumlazimisha kutenda lililo kinyume na imani hiyo.

21. Je, wajua kwamba si lazima ushike Biblia au Kurani mahakamani? Sheria ya viapo inamruhusu asiye na dini kutoa tamko la kusema kweli badala ya kiapo. Lina uzito ule ule, na akidanganya atashtakiwa vile vile. Hata Rais anaweza kuingia madarakani kwa tamko, na hapo maneno ya kumwomba Mungu amsaidie huachwa.

22. Je, wajua ndoa yake inafungwa wapi? Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu, ya kimila na ya kiserikali. Hiyo ya mwisho hufungwa na msajili baada ya notisi ya siku 21, bila dua wala wimbo. Wanaoweza kuichagua ni pamoja na waumini wa dini tofauti waliopendana.

23. Je, wajua kwamba mazishi ni mtihani mgumu zaidi? Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alisema mumewe alitaka azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema atazikwa Siaya kwa mila za Waluo. Maiti ikakaa siku 154, na Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki mwezi Mei 1987. Otieno hakuwa mkanamungu, lakini kesi hiyo inawahusu wakanamungu wote: alichoamini marehemu peke yake hakitoshi, walio hai wakikataa.

24. Je, wajua kwamba chama cha wakanamungu kilisajiliwa kisha kikasimamishwa ndani ya miezi mitatu? Msajili wa Vyama mwanzoni alikataa ombi, akitaja amani na utulivu wa nchi. Tarehe 17 Februari 2016 Atheists in Kenya Society, chini ya mwenyekiti Harrison Mumia, ikapata cheti. Viongozi wa dini wakalalamika, na mwishoni mwa Aprili Mwanasheria Mkuu Githu Muigai akasimamisha usajili. Jumuiya ikaenda mahakamani. Haikuvunjika.

25. Je, wajua kwamba ulimi nao una mpaka? Kifungu cha 138 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kuwa kosa kusema au kuandika kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mtu. Kutoamini si kosa. Kumtukana jirani kwa anachoamini kunaweza kuwa.

CHAPUCHAPU

26. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu mwaka 1967. Anayekutajia asilimia ya wakanamungu wa huko amekadiria.

27. Wito wa taifa la Uganda unamtaja Mungu, ilhali katiba yake inakataza dini ya taifa.

28. Sudan ilifuta adhabu ya kifo kwa anayeiacha dini Julai 2020.

29. Wimbo wa taifa wa Kenya ni sala tangu mstari wa kwanza, na muziki wake umetokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto.

30. Mwaka 2020 karibu robo ya watu duniani, bilioni 1.9, hawakuwa na dini yoyote. Wengi wao wako China, na si wote wanaomkana Mungu.

LA MWISHO

31. Je, wajua kwamba hakuna anayejua Kenya ina wakanamungu wangapi? Sensa ya 2019 iliwaweka asiye na dini na asiyeamini Mungu kwenye safu moja: watu 755,750, kama asilimia 1.6. Kilifi iliongoza kaunti zote. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu watu 922,128 wasio na dini, kwa hiyo anayehubiri kwamba ukanamungu unafurika nchini anapingwa na takwimu rasmi, na anayeshangilia kwamba umepungua hana pa kusimama pia. Safu hiyo inambeba anayemwamini Mungu ila hana kanisa, mwanafunzi asiyejua aamini nini, na mzee aliyekata shauri kwamba hakuna Mungu, na inawaita watatu hao jina moja. Sensa ijayo ni 2029. Shirika la Takwimu lina muda wa kutosha kuyatenganisha maswali hayo mawili kabla karani hajabisha hodi Magadi.